Tuuze Canon 700D tununue fulu fremu? Mistari kwenye picha, chengachenga usiku, uso wa bibi kuwa kiza. Msaada wakuu

Mtoto wa Kihonda

Wakuu habari za mchana. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa muda mrefu, leo nimekwama mpaka nimeamua kuandika.

Tuko vijana wanne hapa Morogoro, hakuna aliyesomea filamu. Mimi nauza kava na chaja za simu, mwenzangu ni bodaboda, wawili bado wanasoma. Tunatengeneza filamu fupi ya kama dakika 14: bibi na mjukuu wake, umeme umekatika, usiku mmoja tu, bibi anasimulia kwa nini hajawahi kurudi kwao. Bibi tuliyempata ni jirani yetu, amevuka sabini, hajawahi kuigiza maishani na anatuzidi wote. Shida ni kwamba huwezi kumrudisha mara ishirini. Ya tatu anakwambia "wanangu, mgongo".

Vifaa tulivyonavyo: Canon 700D ya mtumba ambayo kaka alinitumia kutoka Marekani, lenzi ile ile iliyokuja nayo ya 18-55, tripodi moja ambayo mguu tumeufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, taa mbili za LED za wati 50 zile watu wanafunga nje ya nyumba, na ile taa ya duara ya kupigia video za simu.

Tumerekodi Jumamosi mbili, matokeo yake ni haya. Tukiwasha zile LED, mistari ya kiza inapanda taratibu kwenye picha. Kwa macho huioni, kwenye video ipo. Usiku tuliweka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 6400, picha ikajaa chengachenga kama televisheni ya zamani isiyo na antena. Halafu ile sehemu ya mchana, bibi kakaa dirishani, uso umekuwa kivuli kitupu na dirisha limeungua jeupe pee.

Rafiki yangu anasema kamera hizi ndogo haziwezi ngozi nyeusi, dawa ni sensa kubwa (sensa ni kile kibao cha ndani kinachonasa picha), yaani fulu fremu. Tumechanga laki tisa. Nikiuza 700D nikajumlisha, naweza kutafuta ya mtumba. Nifanye hivyo? Naomba ushauri, tusitukanane.

Pwani Haina Baridi

Nimevuta kiti, naagiza kahawa.

Mzee wa Fulu Fremu

Uza. Jina langu linajieleza.

Fundi Taa

Usiuze kitu kwanza. Nijibu mambo matatu, dogo. Kwenye menyu ya video imeandikwa NTSC au PAL (ile mifumo miwili ya video)? Shata, yaani muda sensa inaokaa wazi kwa kila fremu, uliweka ngapi? Na usiku ulivuta zoom mpaka wapi?

Mtoto wa Kihonda

NTSC, fremu 30 kwa sekunde. Shata 1/60, nilisoma mahali kwamba iwe mara mbili ya fremu. Nilivuta hadi 55 ili nyuma kupotee kidogo. Apecha (tundu la lenzi, namba ikishuka mwanga unaongezeka) ilisoma f/5.6, nikijaribu kuishusha inagoma.

Fundi Taa

Basi mgonjwa wa kwanza kapatikana. Kamera yako imefika Morogoro lakini akili yake bado iko Marekani.

Umeme wa kule unazunguka mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50. Taa ambayo haina kirekebisha umeme cha maana ndani yake inawaka na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo hapa Tanzania inapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halina habari. Sasa sensa ya kamera hii haisomi picha yote kwa mkupuo, inasoma mstari mmoja baada ya mwingine kutoka juu kwenda chini. Mstari uliosomwa taa ikiwa imefifia unatoka na kiza, uliosomwa taa ikiwa imepamba unatoka mweupe. Hiyo ndiyo mistari yako.

Ukiweka shata 1/50, kila mstari unakaa wazi kwa mapigo mawili kamili ya taa, mgao sawa kwa wote. 1/100 ni pigo moja kamili, pia sawa. Lakini 1/60 ni pigo moja na theluthi mbili, hapo mmoja anapendelewa na mwingine anapunjwa. Ile kanuni uliyoisoma ni ya kweli, ila aliyeiandika alikuwa anaishi kwenye umeme mwingine.

Nenda menyu, toa NTSC weka PAL, fremu 25, shata 1/50. Halafu usiiguse tena mpaka filamu iishe.

Na kabla hujanunua taa yoyote dukani, iwashe, fungua simu kwenye video ya mwendo wa polepole, irekodi sekunde tano. Ukiiona inapepesa vibaya, mrudishie mwenye duka.

Mvita

Hiyo kitu ya PAL nimehangaika nayo karibu mwaka mzima kwenye harusi huku Mombasa, nikidhani ni taa za ukumbi ni mbovu. Nilikuwa nalaumu watu wa ukumbi bure.

Mtoto wa Kihonda

Nimebadilisha sasa hivi hapa dukani chini ya taa ya LED. Mistari imekwisha. Sijui nicheke au nilie, nimepoteza Jumamosi mbili.

Je, zile tulizopiga kwa fremu 30 nichanganye na hizi za 25?

Fundi Taa

Zenye maneno usichanganye, mwendo utakuwa unakwatuka kwatukwatu, hasa kamera ikigeuka. Ambazo hazina maneno, mfano mlima Uluguru na mawingu, ziingize kwenye mradi wa fremu 25 kisha uipunguze kasi ifike asilimia 83. Kila fremu inapata nafasi yake na hakuna atakayejua, mawingu yatatembea kwa heshima zaidi tu.

Sasa chengachenga. Lenzi yako ya 18-55, ukiivuta hadi 55 inafunguka mwisho f/5.6. Ndiyo maana inagoma. Kuna lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8, ile ya STM iliyotoka 2015, watu wanaiuza mitumba kila siku. Fanya hesabu: 5.6 gawa kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe. Unapata karibu 10. Yaani kwa chumba kile kile, taa ile ile, bibi yule yule, inaingiza mwanga mara kumi. Picha uliyoipiga kwa ISO 6400 unaipiga kwa ISO 640. Chengachenga hizo utazitafuta kwa tochi.

Mzee wa Fulu Fremu

Na fulu fremu je? Mbona hutaji faida yake? Sensa yake ina eneo mara mbili na nusu ya hiyo. Sio mchezo.

Fundi Taa

Nataja sasa. Mara mbili na nusu ni stopu moja na theluthi hivi, na stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu. Lenzi inampa stopu tatu na kitu. Tena akinunua fulu fremu kwa hela yote, atafunga lenzi gani mbele yake? Hii 18-55 ni ya familia ya EF-S, haikutengenezwa kwa fulu fremu na haiingii kwenye DSLR za Canon za sensa kubwa. Atakuwa na bodi nzuri, mdomo wazi, hana lenzi.

Mzee wa Fulu Fremu

Hapo kwenye lenzi umenishika. Nimekaa.

Mtoto wa Kihonda

Swali la kijinga: hiyo 50mm kwenye kamera yangu si inageuka 80mm? Nimeona wanazidisha kwa 1.6.

Mvita

Haigeuki chochote. Milimita ni za lenzi, ziko vilevile hata ukiiweka kabatini. Sensa yako ni ndogo kwa hiyo inakata kipande cha katikati cha picha, unaona eneo kama la mtu mwenye 80 kwenye fulu fremu. Hiyo hesabu inawafaa waliozoea kamera kubwa. Wewe hujawahi kuzoea hiyo kubwa, isahau.

Cha kujua ni chumba chako. Kwa sensa hiyo, 50mm ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, unaona upana wa kama sentimita 90. Kichwa na kifua, basi. Chumba cha futi kumi kwa kumi ukirudi nyuma unagonga ukuta. Kwa hiyo 18-55 usiitupe, ndiyo itakupa chumba kizima. Ama ukipata ile nyembamba ya 24mm f/2.8, ukiwa mita hizo hizo 2 inakupa kama mita 1.85. Hiyo ndiyo lenzi ya nyumba zetu, ukiniuliza mimi.

Asiyepepesa

Nyie mnamsifia f/1.8 kijana wa watu bila kumwambia machungu yake.

Mimi kazi yangu kwenye timu yetu ni fokasi tu. Sishiki kamera, siongozi, nazungusha lile pete. Dogo sikiliza: 50mm, f/1.8, mtu yuko mita moja na nusu, kwenye sensa yako eneo lililo kali ni kama sentimita 6. Sita. Umbali wa kutoka jichoni kwenda sikioni kwa mtu mzima unazidi hapo. Bibi akiinama kuchukua kikombe, jicho linatoka nje ya fokasi na sikio linaingia. Na kwenye skrini ndogo ya nyuma huoni. Utaona siku ya kuediti, na bibi ashakwenda zake.

Weka f/2.8 unapata kama sentimita 9 na nusu. f/4 kama 14. Mimi kwa mtu aliyekaa anasimulia sishuki chini ya 2.8, na kwa mzee anayeyumbayumba akicheka ningeweka 4. Kinachokosekana kwenye mwanga mkiongeze kwa taa.

Kabla ya kurekodi, bonyeza kitufe cha kukuza, mara 5, halafu mara 10, nenda kwenye kope za jicho lililo karibu na kamera, weka fokasi ya mkono, ndipo urekodi. Ukishaanza kurekodi, 700D haikubali kukuza tena. Mfanyie bibi kiti ambacho hakisogei. Chora chaki miguu ya kiti. Sisi tulitumia kigoda tukakipigilia kipande cha mbao nyuma, mzee hakujua kwa nini kigoda kimekuwa kigumu hivyo.

Na fokasi ya otomatiki uizime usiku. Kwenye kiza inatafuta, inakwenda mbele inarudi, na ukirekodi sauti kwa maiki ya kamera utaisikia inavyonguruma.

Mtoto wa Kihonda

Sentimita 6!! Nimepima kwa rula ya dukani. Asante dada.

Kumbe ndiyo maana kila mtu anasema "blaa", yaani ukungu, kwenye video zangu za harusi.

Bado uso wa bibi dirishani.

Fundi Taa

Hapo nataka nikae kidogo maana rafiki yako ana ukweli nusu.

Enzi za filamu za mkanda, Kodak walikuwa wanapeleka kwenye maabara kadi ya picha ya mwanamke mzungu ili mafundi walinganishe rangi. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Miaka mingi ngozi iliyokuwa kipimo ilikuwa hiyo moja, na watu weusi walitoka kwenye picha meno na macho tu. Kwa hiyo hilo neno "kamera haiwezi ngozi nyeusi" lina asili yake. Lakini tatizo lako wewe si hilo. Ungemweka mzungu pale dirishani, naye angetoka kivuli.

Kamera ikiwa otomatiki inatazama fremu nzima na kutaka wastani wake uwe kijivu cha katikati. Dirisha limechukua theluthi ya fremu, linawaka jua la saa saba mchana, kamera ikaogopa, ikafunga. Bibi akalipia. Na hata bila dirisha, ukiweka ukuta mweupe nyuma ya mtu mweusi kamera itafanya vilevile. Angalia pia mjukuu amevaa nini. Fulana nyeupe inayong'aa kando ya uso wa bibi ni taa ya pili usiyoitaka. Mvalishe ya damu ya mzee au bluu iliyofifia.

Geuza mambo. Dirisha lisiwe nyuma ya bibi, liwe ubavuni kwake mbele kidogo, na lisionekane kwenye fremu kabisa. Sasa lile dirisha ni taa yako, tena kubwa kuliko yoyote mtakayonunua. Upande wa pili wa uso ukiwa kiza mno, simamisha lile bodi jeupe la foamu linalokuja kwenye katoni za friji au televisheni, mita moja kutoka usoni. Shuka jeupe nalo linafaa. Kanga usitumie, rangi zake zitampanda shavuni. Na kuta zenu zikiwa zimepakwa ile rangi ya mafuta ya kijani nusu ukuta, msogeze bibi mbali nayo, maana kijani kile kinaruka mpaka kwenye kidevu.

Halafu pima uso, si chumba. Weka M (kila kitu unaseti kwa mkono), jaza fremu na uso wa bibi, rekebisha mpaka uone mikunjo ya chini ya macho, kisha rudi ulipokuwa na usibadilishe.

Kitu kingine ambacho hatuambiani. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao. Ukimpiga na LED kali tupu kutoka mbele unapata doa jeupe kwenye paji la uso, doa kwenye pua, kwingine kote kumemezwa. Ukiipiga ile LED kwenye shuka jeupe la futi tano kwa sita, shuka ndilo liwe taa, na shuka liwe ubavuni si mbele, ule mng'ao unatanuka unafuata shavu lote mpaka taya. Mpake mafuta kidogo, ya kawaida tu, usimpake poda. Utaona bibi anavyotokea.

Pwani Haina Baridi

Fundi Taa umeniharibia mwezi, nilikuwa nimeshaagiza poda.

Mkaazi wa Michenzani

Assalaam alaykum jamaa. Nasoma naona hakuna aliyegusa jambo lenyewe: hadithi yao ni ya umeme kukatika. Bibi atasimulia mbele ya nini? Koroboi? Kandili? Au mtawasha LED ya wati 50 na kusema hakuna umeme?

Mtoto wa Kihonda

Koroboi. Tulijaribu koroboi peke yake, haikuonekana kitu. Ndipo tukawasha LED, ikawa kama hospitali.

Mzee wa Fulu Fremu

Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick alipiga kwa mishumaa mitupu miaka ya sabini. Mbona yeye aliweza?

Fundi Taa

Aliweza kwa lenzi za Zeiss 50mm f/0.7 zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, na mishumaa tele kwa mkupuo mmoja. Ukiiona hiyo lenzi Kariakoo nipigie simu hata saa nane usiku.

Mkaazi wa Michenzani

Koroboi iwepo, iwake, ionekane. Lakini koroboi ni muigizaji, taa ni nyengine. Nitakwambia tulivyofanya sisi skuli tulipopiga mchezo wetu.

Tulichukua kopo la maziwa ya unga, tukalitoboa ubavu mmoja dirisha la ukubwa wa kiganja. Ndani tukaweka balbu ya LED ya wati 9, ile ya rangi ya joto iliyoandikwa 2700K. Si ile nyeupe ya 6500K iliyojaa madukani, hiyo ni rangi ya duka la dawa. Dirisha la kopo tukalifunika karatasi ya kuokea. Kopo likakaa nyuma ya birika, upande uleule wa koroboi, na chini kidogo ya uso. Mwanga wa koroboi iliyo juu ya kigoda unapanda, vivuli vinakwenda juu ukutani. Ukiweka taa yako juu darini mtazamaji hatokwambia kosa liko wapi, lakini ataona uongo.

Sasa umbali. Kopo liwe nusu mita na uso. Ukuta wa nyuma uwe mita 2 kutoka kwenye kopo. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali, kwa hivyo ukuta unapata sehemu moja ya kumi na sita ya kile anachopata bibi. Ukuta unakufa wenyewe. Mkiogopa kiza mkaisogeza taa mbali ili "ienee", uso na ukuta vitalingana, na hapo ndipo hospitali inaporudi.

Rangi: otomatiki ya waiti balansi (ulinganishaji wa rangi ya mwanga) itakuulia ule uwekundu wa moto. 700D haina sehemu ya kuandika namba ya K, lakini ina alama. Alama ya balbu ni kama 3200K, ya taa ya mrija ni kama 4000K. Ukichagua ya mrija, balbu yako ya 2700K inatoka rangi ya asali. Moto wenyewe wa koroboi uko chini zaidi, 1900 hivi, utatoka mwekundu, na ndivyo unavyotakiwa.

Na zile LED zenu za nje zirudisheni nje! Moja isimamisheni uani, ipige kupitia dirishani, ndani mtundike chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili. Kwa alama ya mrija taa ile nyeupe itatoka na ubuluu. Hiyo ndiyo mbalamwezi. Iwe hafifu, iguse bega la bibi na ukingo wa kitambaa chake tu, ili kichwa kisizame kwenye kiza cha nyuma.

Mtu mmoja akae chini apitishe vidole mbele ya kopo polepole, bila mpango. Vidole viwili, si mkono mzima. Kijana wetu wa kwanza alikuwa anapunga kama anafukuza nzi, ikawa disko.

Na chandarua kikae mbali na koroboi, nakusihini. Ndoo ya mchanga iwe mlangoni.

Asiyepepesa

Hii ya kopo naiba.

Mtoto wa Kihonda

Mzee wangu wa Michenzani shikamoo. Nimeisoma mara tatu, nimemsomea na bodaboda wetu.

Nina mawili madogo. Kuna jamaa ana lenzi ya Kirusi, Helios 44-2, 58mm f/2, anaitaka elfu themanini. Inaingia kwenye Canon? Na tukitoka nje mchana na f/1.8, picha si itaungua?

Mvita

Inaingia kwa adapta ya M42 (ndio uzi wa kufungia lenzi hiyo), bila kioo ndani yake. Canon EF kutoka mdomo wa kamera hadi sensa ni milimita 44, M42 inataka 45.46, hiyo tofauti ndiyo nafasi ya adapta. Mwenye Nikon asijaribu, yake ni 46.5, atapata fokasi ya karibu tu, mlima hataupata. Fokasi ni ya mkono na apecha unazungusha kwenye lenzi yenyewe.

Lakini kabla hujalipa, fungua apecha yote, mulika tochi ya simu kutoka nyuma na uchungulie kwa mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ama mizizi, hiyo ni kuvu. Huku pwani inaua lenzi kuliko kuanguka. Inakula ile rangi iliyopakwa kwenye kioo, na hata ukisafisha, alama inabaki. Mimi zangu zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Begi la ngozi ndani ya kabati ndilo shamba lenyewe la kuvu. Mchele msitie, vumbi lake ni balaa jingine.

Fundi Taa

Kuhusu nje: jua kali, ISO 100, shata 1/50, unahitaji f/22. Wewe unataka f/2.8. Hesabu ngazi: 22, 16, 11, 8, 5.6, 4, 2.8. Sita. Kila ngazi mwanga unaongezeka maradufu, kwa hiyo umezidisha mara 64, na filta yake, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, inaitwa hivyohivyo, ND64. Nunua ya milimita 58 ikae kwenye 18-55 yako, halafu ringi ya kuongezea ya 49 kwenda 58 ili ikae na kwenye 50mm. Filta moja, lenzi mbili. Usikimbilie kupandisha shata 1/2000, watu watatembea kama vikaragosi.

Saa sita mchana msirekodi nyuso kabisa. Jua letu linasimama utosini, macho yanakuwa mashimo. Na jioni msidanganywe na video za Ulaya zenye "saa ya dhahabu". Huku jua linashuka karibu wima, kutoka nyuzi 6 juu ya upeo mpaka kuzama ni kama dakika 25 tu. Mkiwa bado mnabishana tripodi iwekwe wapi, limekwenda.

Pwani Haina Baridi

Na kadi ya memori aijaribu kabla. Mimi nilinunua ya GB 128 kwa bei ya kutupa kwenye duka moja mjini, ndani kumbe GB 8. Ilirekodi send-off nzima bila kulalamika, na mafaili hayakufunguka. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa H2testw, inaijaza kadi yote halafu inaisoma tena. Sijawahi kurudi kwa yule bibi harusi.

Mtoto wa Kihonda

Wakuu, ni wiki ya tatu sasa, narudi na mrejesho.

Hatukuuza kamera. Tumenunua 50mm ya mtumba, ringi, ND64, balbu tatu za rangi ya joto na tripodi nyingine. Helios ilikuwa na mizizi ya kuvu mpaka katikati, nikamrudishia jamaa. Hela iliyobaki tumempa bibi nusu, nusu imekuwa mafuta ya pikipiki na chakula.

Usiku wa kwanza wa kurekodi umeme ulikatika kweli. Tukakaa na bibi kwenye kiza cha kweli, koroboi ya kweli, tumeshindwa kurekodi filamu ya umeme kukatika kwa sababu umeme umekatika. Bibi alicheka mpaka akalala.

Usiku wa pili tukafanya. Kopo la maziwa nyuma ya birika, f/2.8, ISO 1600, alama ya mrija. LED moja uani imefungwa kwenye mpapai. Bodaboda wetu ndiye aliyekuwa vidole. Sikuamini nilichokiona kwenye skrini: kuna pale bibi anataja jina la mdogo wake, ananyamaza, na ule mng'ao unatembea kwenye shavu pamoja na moto. Tulichukua mara mbili tu. Mara ya kwanza ndiyo tutakayoitumia ingawa fokasi inayumba kidogo mwishoni. Asiyepepesa naomba unisamehe.

Ila nina klipu moja, ya mjukuu mlangoni, mistari imerudi! PAL ipo, fremu 25 ipo. Nimeangalia taarifa za picha tuliyopiga hapohapo, shata inasoma 1/80. Hakuna aliyekubali kwamba ameigusa.

Asiyepepesa

Nimekusamehe. Kama jicho lilikuwa kali alipotaja jina, kwingine kuyumbe tu.

Fundi Taa

Aliyeigusa ni kidole cha kwanza cha kila mtu anayeshika kamera hiyo, kile kigurudumu kipo palepale kidole kinapotua. Kata selotepu, kibandike. Yangu ina mwaka wa tano pale.